Kiti cha Mgeni Asiyekuwepo

Wanaotaka kujua alizaliwa wapi, na baba yake alikuwa nani, hawatapata jibu kwangu. Aliwahi kuniambia kwamba nasaba ni habari ya makaburi na mirathi, na kwamba mtu aliye hai apimwe kwa analolifanya siku ya Jumamosi, kwa sababu siku nyingine zote amekwisha kupangiwa na wengine. Nitamwita, basi, kama mji wa Mpanda ulivyomwita: Mkutubi.

Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa ukumbi wa jamii, si mbali na stesheni ya reli. Kilikuwa na rafu za vitabu, madirisha mawili yasiyo na vioo, na meza ya mninga nzito kiasi kwamba wezi walipoingia walibeba saa ya ukutani wakaiacha meza pamoja na vitabu vyote. Saa hakuililia.

"Lakini hata kitabu kimoja, Mwalimu?" aliniuliza kwa uchungu wa kweli. "Hata kimoja hawakukitamani?"

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana mwalimu wa historia, nikiamini, kama ninavyoamini mpaka leo, kwamba mchezo ni haki ya watoto, na kwamba mtu mzima anayecheza ana wajibu wa kutueleza kwa nini. Mkutubi alinieleza, ingawa si kwa hoja.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi: hueleza mahali, hali ya hewa, na jambo linalotokea. Kila mmoja wa waliobaki humbeba mtu wa kubuni, husema kwa kinywa cha mtu huyo na kuamua kwa akili ya mtu huyo. Na pale ambapo jambo laweza kwenda huku au kule, dadu hutupwa, na dadu huamua. Hakuna mshindi. Hadithi ikiisha baada ya miezi, wote wameisimulia na hakuna aliyejua mapema itaishia wapi. Mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuja kujitolea alikuwa amemwachia Mkutubi dadu za maumbo ya ajabu na kitabu cha kanuni kisicho na jalada. Alikisoma msimu mzima wa mvua, kamusi ikiwa magotini, kisha akazigeuza kanuni zile kuwa Kiswahili ambacho fundi baiskeli angekielewa.

Hadithi yetu ya kwanza ilikuwa ya ngome, majoka na theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa theluji. Masanja, kijana wa Kisukuma aliyeuza dawa za mifugo mjini na ambaye ukoo wake ulikuwa umeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka Mpimbwe, alisema kila mara kwamba miguu yake inazama katika unga wa muhogo wenye baridi. Na sote tukaridhika kwamba hivyo ndivyo theluji ilivyo. Joka la mwisho lilipouawa, tulitazamia jingine. Mkutubi akazikusanya dadu, akazifunga katika kitambaa, akasema:

"Hadithi mpya. Mahali ni hapa. Wakati ni sasa. Jumamosi ijayo kila mtu aje na mtu wake."

Tulidhani ametupa kazi nyepesi. Jumamosi ile hakuna aliyeweza. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi na naona limebeba hukumu juu yetu: binadamu husema kwa ufasaha juu ya nchi asiyoijua, ila ukimtaka aeleze jirani anayepishana naye kila asubuhi, utakuta hana hata sentensi moja iliyokamilika. Mimi nilileta mpelelezi wa Dar es Salaam, mwenye miwani myeusi.

"Huyu umemtoa redioni," alisema Mkutubi. "Mrudishe, wanamtafuta."

Masanja alileta jenerali mwenye bunduki tatu.

"Mama yake anamwitaje akikasirika?"

"Jenerali hana mama."

"Basi hilo ni gari. Lipeleke gereji."

Aliyebaki mezani alikuwa Speransia, fundi wa kushona, binti wa wakulima waliotoka Burundi akiwa bado mgongoni. Yeye hakuleta mtu yeyote. Alizungumza kidogo sana, kwa sababu dukani wateja walikuwa na tabia ya kumwambia, "Rudia tena, dada, tucheke." Mkutubi hakumlazimisha. Alimpa chai, akamwambia asiharakishe.

Hapo ndipo alipoweka utaratibu wake, na utaratibu huo sijausikia kwingine popote. Alisema kwamba hadithi ni binti yake, naye hamwozi binti yake kwa mtu aliyeokotwa barabarani. Kila mtu wa kubuni anayetaka kuingia katika hadithi lazima apose. Basi tukaweka kiti kitupu mwisho wa meza, kiti cha mgeni. Mwenye kumbuni mtu hakuruhusiwa kumsemea. Alimweleza mwenzake faraghani, na mwenzake huyo akasimama kama mshenga, akakielekezea mkono kiti kile na kumleta mgeni mbele ya wenye nyumba. Sisi tulimmiminia mgeni maji, tukauliza anatokea wapi, anakula nini, anamwogopa nani. Mshenga wa kawaida huficha kasoro. Mshenga wa Mkutubi aliyeficha kasoro alifukuzwa na mgeni wake. Na lazima mgeni awe na mtu mmoja ambaye hawezi kumnyima kitu.

"Wenye nguvu za kutosha nimewaona wengi," alikuwa akisema. "Nionyeshe ambaye akigongewa mlango na dada yake anaacha kila kitu. Huyo ndiye atakayeniletea hadithi."

Mtu hakuruhusiwa pia kujibuni mwenyewe, wala kumbuni mtu wa lugha ya nyumbani kwake. Msukuma asilete Msukuma, Mfipa asilete Mfipa. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa ukali kwamba hakufungua maktaba ili watu waje kujitazama.

Kwa amri hiyo nilitumwa sokoni kukaa kwa mama mmoja aliyeleta migebuka iliyokaushwa kutoka Kapalamsenga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nilimuuliza mambo mengi kwa adabu zangu za chuo.

"Kaka, unauliza sana. Unanunua au unaoa?"

"Ninajifunza, mama."

"Ujifunze nini? Samaki anakaa hapa, mtu anakuja, ananunua. Shule gani hiyo? Haya, shika hili tawi, fukuza nzi."

Nilifukuza nzi mpaka jioni. Nilirudi nikijua kwamba mama yule hamuuzii mteja anayegeuza samaki kabla ya kusalimia, na kwamba mume wake, mzaliwa wa ufukweni, anaogopa maji na hajawahi kupanda mtumbwi. Mkutubi alisikiliza yote, akafumba macho, akatamka sifa yake ya juu kabisa: "Huyu anapumua."

Msomaji asije akadhani namchora malaika. Alichukia umbea kwa maneno makali ya Biblia, kisha akaupokea kutoka kwa wauza mboga kwa kisingizio kwamba anatafuta watu. Alitaka kimya maktabani, na kicheko chake kilisikika stesheni. Alitufundisha kukubali neno la dadu kama mtu mzima anavyokubali mvua. Lakini dadu zake zilipomgeukia, aliinama, akatazama miguu ya meza, akasema, "Meza imeinama," na kutupa tena. Hakuna aliyethubutu kupinga. Aliyechelewa alifagia chumba, hata awe nani. Siku moja alichelewa yeye, akafagia, akatusimanga kwamba hatujui kumpa mtu ufagio mzuri.

Na alikuwa na methali zake, ambazo hazimo katika vitabu vya methali. Ile niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: uongo uliopangwa kwa kazi ni ushoni, uongo uliotupwa ovyo ni uchafu. Naikumbuka kwa sababu uchafu wa aina hiyo ulikuwa karibu kumuua.

Dirisha moja la maktaba lilitazama njia ya kwenda mashine ya kusaga. Wanawake waliopita na mahindi yao kichwani waliona kila Jumamosi jambo ambalo, nakiri, macho yasiyoelezwa yangelisoma vibaya: watu wazima wamekizunguka kiti kitupu, wanakimiminia maji, wanakiuliza kama kinakula samaki, wanakicheka kwa majibu yake. Na mwenye nyumba ni mwanamke wa makamo, hana mume, hana mtoto, na macho yake ni mekundu kwa kusoma na taa ya kibatari. Neno likatoka mashineni likafika sokoni: Mkutubi anafuga misukule. Amewakalisha vitini. Anawaozesha.

Wageni wa nchi ile huenda wakacheka. Sisi hatukucheka. Katika miaka ile, vijijini kuizunguka wilaya yetu na kwingineko, wanawake wenye macho mekundu walikuwa wamekatwa kwa mapanga kwa neno dogo kuliko hilo, na waliowakata walikula nyama sikukuu na kupokea salamu kama watu wengine. Sijapata kusoma falsafa yoyote inayoweza kuliosha jambo hilo, wala sitaki kuisoma. Kilichokuwa hatarini, basi, hakikuwa mchezo. Ilikuwa shingo ya Mkutubi.

Tulimsihi aache, walau kwa muda.

"Nikiacha leo nimekiri," alisema.

"Basi tufunge madirisha, Mkutubi," Masanja alisema. "Tuongee polepole."

"Hapo nimekiri mara mbili. Njoo unisaidie."

Akatufanya tuiburute meza ile ya mninga mpaka penye mlango, mahali ambapo hata mpita njia wa ng'ambo ya barabara angetuona. Kiti kitupu akakiweka kizingitini.

Walikuja Jumamosi alasiri. Aliyewaongoza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mzee wa Kifipa aliyevaa koti hata wakati wa joto, mwenye fimbo nyeusi na sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Mji mzima ulimjua kwa jambo jingine: alikuwa mshenga aliyetafutwa kuliko wote, na ilisemwa kwamba hakuna posa aliyoipeleka ikarudi. Nyuma yake walisimama wazee wawili, na nyuma ya wazee umati, wengine wakiwa na mikono mitupu, wengine sivyo.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mkutubi, bila kuinuka.

"Marahaba. Mkutubi, nimetumwa. Wananchi wanauliza nani anakaa kwenye hicho kiti."

"Leo? Mnadi wa ng'ombe. Bado hajakubaliwa, tuko kwenye posa. Karibuni mkae."

"Amtoe!" sauti ilitoka nyuma. "Amtoe tumwone!"

Mkutubi aligeuka kwa Masanja, ambaye siku ile alikuwa mshenga wa mtu aliyebuniwa na Speransia. Kwa miezi mingi Speransia alikuwa akienda mnadani nje ya mji, akasimama pembeni na vitambaa vyake, akasikiliza. Na hatimaye alikuwa amemleta mtu wake wa kwanza.

"Endelea, Masanja."

Masanja alisimama. "Mimi ni mshenga wa... anaitwa Shija, ni mnadi wa ng'ombe, ana miaka—"

"Simama hapo," alisema mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira niliyoitarajia.

"Unataja jina?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umefika nyumbani kwa watu. Hujatoa kifungua mdomo. Hujaulizwa umetoka wapi. Unataja jina la bwana harusi! Nani amekufundisha?"

"Hakuna, Mzee."

"Inaonekana. Nyie Wasukuma mnaposa kama mnaingiza ng'ombe kwenye josho."

Mtu mmoja akacheka dirishani. Masanja, ambaye damu yake haikuweza kuuacha utani upite bure hata mbele ya mapanga, akajibu: "Na nyie Wafipa mnaongea mpaka bibi harusi anazeeka, Mzee."

Kicheko kikaongezeka. Mwenyekiti alimkabidhi mzee wa kulia kwake ile fimbo nyeusi. Alivuta koti lake. Alikohoa kikohozi cha kazi. "Tazama," alimwambia Masanja, "halafu usisahau." Akachukua karanga kutoka mfukoni mwake, akaziweka mezani mbele ya Mkutubi kuwa kifungua mdomo, akarudi hatua moja nyuma.

"Wenye nyumba," alianza, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "tulikuwa tunapita njiani, tukaona moshi unapanda. Tukasema, penye moshi kuna jiko. Na sisi kijana wetu analala njaa."

"Kijana wenu tumemsikia," alisema Mkutubi, naye akiwa amekwisha kuwa mama wa binti, mdomo umebanwa. "Tumesikia anauza ng'ombe wagonjwa."

"Huyo ni kaka yake!" alisema mwenyekiti papo hapo. "Kaka yake, baba mmoja mama mbalimbali. Wa kwetu hata mbuzi mwenye kikohozi anamtangaza kwanza."

"Analewa?"

Mwenyekiti alimwinamia Masanja. "Analewa?" alinong'ona. Masanja alitikisa kichwa. "Anaogopa nini, basi?" Masanja akamnong'oneza. Mwenyekiti akainuka. "Hanywi, mama. Ila sitawaficha: anaogopa kimya. Mnada ukiisha, watu wakiondoka, anabaki anajiongelesha peke yake mpaka afike nyumbani."

"Huyo ana kasoro ya kweli," alisema mwanamke mmoja dirishani, kwa huruma. Mwingine akapaza sauti: "Muulizeni kama anapiga mke!" Na mwingine: "Mama yake yuko hai? Mimi sikai na mama mkwe!"

Nilisikia maswali yale yakiingia kwa dirisha na mlango, na nikatambua kilichokuwa kikitendeka. Umati uliokuja kumtoa mtu kitini ulikuwa ukimtengeneza. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amempa kaka.

Lakini umati hauna kumbukumbu ndefu wala imani ndefu. Yule aliyepiga kelele mwanzo akapaza sauti tena: "Na mbona haonekani? Bwana harusi yuko wapi?" Kicheko kikakatika. Macho yote yakakirudia kiti. Mwenyekiti akaanza kupapasa mfuko wa koti, kana kwamba anatafuta karanga nyingine.

Speransia alisimama.

Aliizunguka meza taratibu, akamwomba mzee wa kulia ile fimbo, akaketi katika kiti cha mgeni. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Speransia alitanua magoti kama mwanaume, akagonga sakafu kwa fimbo, na kutoka katika kifua kile chembamba ikatoka, kwa salamu ya Kisukuma, sauti ambayo sokoni ingesimamisha magari.

"Haya, haya, haya! Mwadila! Sogeeni, msiogope mavi, ng'ombe ni mali!" Aliinyoosha fimbo mpaka kifuani pa mwenyekiti. "Nina dume hapa! Limetoka Ufipa kwa miguu yake! Meno yapo, koti lipo! Pembe zimechakaa kidogo lakini sauti, jamani, sauti mmeisikia! Nani anaanza?"

Kisha kutoka dirisha la mbali mtu akasema, kwa woga, "Kuku."

"Kuku nasikia! Kuku kwa dume zima? Mnanitukania ng'ombe! Nani anaongeza?"

"Kuku na jogoo!" Sauti hii ilikuwa ya mwanamke, nayo haikuwa na woga wowote. "Kuku na jogoo, nimpeleke nyumbani, shamba halijalimwa!"

Alikuwa mke wa mwenyekiti.

"Kuku na jogoo, mara ya kwanza! Mara ya pili! Limeuzwa! Mama, chukua kamba!"

Sijaona tena watu wakicheka vile. Walishikana, wakaegemea ukuta, mmoja akaketi chini barabarani na gunia lake la mahindi. Na walikuwa wakiisikia, wote, ileile lafudhi ya Kirundi waliyoichekea dukani kwa ubaya; lakini sasa ilikuwa lafudhi ya Shija mnadi, na hakuna aliyemwambia arudie. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akamwinua Speransia, akakaa yeye mwenyewe katika kiti kile, akakikalia kwa uzito wake wote mpaka kikatoa mlio, na akawageukia watu.

"Mmeuliza nani anakaa hapa. Alikaa fundi anayewashonea magauni. Sasa nakaa mimi. Kesho atakaa mwingine. Mwenye neno jingine juu ya Mkutubi aje anieleze mimi, nyumbani kwangu, na aje na kifungua mdomo."

Watu walitawanyika wakiigiza mnada njia nzima. Waliokuwa na mikono isiyo mitupu walikuwa wameificha nyuma. Mwenyekiti alibaki.

"Jumamosi ijayo naleta wa kwangu," alimwambia Mkutubi.

"Asiwe Mfipa, Mzee."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kanuni. Na ukichelewa, utafagia."

Alimleta muuguzi wa Kibende wa Kabungu, msichana aliyechoshwa na washenga. Mzee yule, aliyekuwa ameziozesha nusu ya nyumba za mji, alimbeba msichana yule kwa mwaka mzima na kukataa kila posa iliyoletwa, kwa hoja kali ambazo, aliniambia siku moja akiwa ameinamisha kichwa, alikuwa amezisikia kwa mabinti wa kweli na kuwapuuza. Tangu hapo hakupeleka posa kabla ya kumsikia binti mwenyewe. Nalitaja hili kwa sababu wapo wasomi wanaodhani maadili huingia kwa mahubiri. Nimehubiri darasani miaka mingi. Sijawahi kumbadili mzee wa miaka sitini.

Na Speransia? Parokia yake, kama nyingine nyingi, hunadi mazao ya sadaka baada ya misa: maboga, kuku, ndizi, madebe ya maharage. Mnadi alikuwa sikuzote mwanaume mwenye sauti. Msimu wa mavuno uliofuata waumini walimwita yeye kwa jina, na paroko akampisha. Nilikuwepo. Alimnadi jogoo mmoja kwa namna ambayo jogoo mwenyewe alionekana kujivuna. Mkutubi, aliyeketi benchi la mbele na rozari yake, alipiga meza asiyokuwa nayo.

Mwishoni mwa miaka ile Mkutubi alistaafu, akahamia Mamba, kule Mpimbwe, akalima mpunga. Nilipata habari zake kwa vipande. Kisha nikasikia kwamba katika vijiji vya upande huo bibi kizee mmoja amefukuzwa nyumbani kwake na nyumba ikachomwa. Sikujua ni nani. Nilipanda lori la kwanza lililokwenda kuchukua mchele, nikiwa nimejipangia njiani kila neno la kumshawishi arudi mjini, ambako alikuwa na watu.

Nilimkuta uani, amezeeka kuliko nilivyotarajia, macho mekundu kuliko zamani kwa moshi wa kuni. Nyumba ya peke yake. Uzio wa miti mifupi ambao mbuzi angeuruka. Baada ya salamu nilimweleza hofu yangu yote, kwa mpangilio, kama nilivyoipanga.

"Umekula, Mwalimu?" alisema.

"Sikuja kula. Nimekuja kukuchukua."

"Basi kula, maana unakonda kwa kazi ngumu."

Nilikuwa bado na wali mdomoni walipoanza kuingia. Wanawake wa Kipimbwe kutoka mashamba ya jirani, wanawake wa Kisukuma kutoka kambi za ng'ombe, watu ambao katika baraza la kijiji, nilivyoambiwa, waume zao hawakuketi upande mmoja kwa sababu ya mifugo kuingia mashambani. Walileta vigoda vyao. Mmoja alileta kigoda cha ziada, akakiweka katikati, mahali pasipo na mtu. Mama mnene wa Kipimbwe alianza kumposea mgeni wake, mchungaji wa ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na mama wa Kisukuma aliyeketi mbele yake akamsahihisha kwa hasira: "Nani kakwambia mchungaji analala hivyo? Akilala hivyo ng'ombe wote wamekwisha!" Walibishana kwa sauti ya juu, kuhusu usingizi wa mtu asiyekuwepo, kwa bidii ambayo sijaiona bungeni. Mkutubi aliwaacha. Mara mojamoja aliinua kidole, akauliza swali moja, na wote wakaanza upya.

Kuhusu bibi aliyefukuzwa sikuhitaji kuuliza. Alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, shuka yake ina alama ya moto, anamcheka mchungaji yule kwa ufizi mtupu. Alikuwa analala humo ndani. Wanawake wawili walikuwa wakimshonea gunia la godoro huku wakibishana.

Lori langu lilipopiga honi barabarani, Mkutubi hakuinuka; alikuwa katikati ya shauri la ndama. Alinipungia mkono wa kushoto tu, jambo ambalo kwa mtu wa heshima zake lilikuwa karibu tusi, na nililipokea kama baraka. Wanawake watano au sita ndio walionisindikiza, kwa sababu mgeni haachwi aende peke yake. Walinibebea mfuko. Walinitania kwa suruali yangu iliyopigwa pasi. Tulipofika kwenye lori, mama mnene wa Kipimbwe alinipandishia mfuko, akashika ubao wa lori kwa mkono mmoja kana kwamba angeweza kulizuia lisiondoke, na wenzake wakasogea wakasimama naye bega kwa bega.

"Mwalimu," alisema, "tumesikia ulichokuja nacho. Ukifika mjini waeleze vizuri, wasijisumbue nauli. Huyu ni wa kwetu. Hatumtoi."